Miezi saba nafua chuma, na bado sifui dafu

Sururu iliungua mikononi mwangu.

Ncha ilipita wekundu, ikapita njano, ikawa nyeupe, halafu ikaanza kurusha cheche ndogondogo zenye mlio, kama vile vijiti vya fataki wanavyonunuliwa watoto siku za sikukuu. Nikasimama nazitazama. Kwa sekunde mbili tatu nilidhani ni jambo zuri.

"Toa! Toa hiyo!"

Fundi alikuwa upande wa pili wa banda, amenipa mgongo. Hakuziona cheche. Alizisikia.

Nikaitoa na koleo, nikaiweka juu ya fuawe, kile chuma kizito cha kufulia, nikaigonga mara moja. Ikavunjika kama sukari guru. Kipande cha urefu wa kidole gumba kikaangukia kwenye majivu, kimejaa vitundu, hakina tena sura ya chuma.

Mwenye sururu alikuwa ameketi palepale juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula muhogo wa kuchoma. Ni kibarua wa kuchimba mitaro ya mabomba, analipwa kwa mita. Akakitazama kile kipande. Akanitazama mimi. Akatazama viatu vyangu.

Nikasema nitalipa, mkono ukiwa tayari mfukoni.

"Bosi," akanijibu taratibu, bila hasira hata kidogo, "sitaki hela. Nataka sururu."

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Tangu siku hiyo nimeanza kuandika makala hii mara tatu na kuifuta mara tatu. Mara zote nilikuwa naandika kuhusu moto na nyundo na jinsi ya kuanza. Sentensi ya yule bwana nilikuwa nairuka.

Ilianzia kwenye simu

Mimi ni mhasibu. Kutwa nzima naangalia vitu ambavyo havishikiki: tarakimu, viambatisho, barua pepe zinazoanza na "kama ilivyoelezwa". Usiku, mke wangu akishalala, nilikuwa naangalia video za wazee wa Marekani na Uingereza wakifua visu kwenye magereji yao. Tanuru la gesi, fuawe inayong'aa, apron ya ngozi, mbwa amelala pembeni. Chuma kinaingia kikiwa kipande cha springi, kinatoka kisu. Dakika kumi na nane.

Nikaamua na mimi nitafua.

Kwa wenzetu hawa, uhunzi kama kazi ya kila kijiji ulishakufa kabla hawajaanza kuupenda. Viwanda viliwamaliza wahunzi, farasi wa kuvishwa viatu wakapungua, na waliobaki na hamu wakaanza kukusanyika ili ujuzi usizikwe na wazee. Chama chao kikubwa cha wahunzi wasanii kule Amerika Kaskazini kilianzishwa mwaka 1973. Na mwaka huohuo wa 1973, huku kwetu, Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha SIDO, shirika la viwanda vidogo, ili fundi mwenye nyundo aweze kuishi kwa nyundo yake.

Nimeufikiria sana mwaka huo. Kule walikuwa wanaokoa starehe, huku tunatafuta ugali. Chuma ni kilekile.

Kwa hiyo ukitazama video zao ukiwa Dar es Salaam, unatazama kitu ambacho kimetafsiriwa vibaya. Mfano mdogo: karibu kila video ya wanaoanza itakwambia, kama huna fuawe, tafuta kipande cha reli. Nikaenda mtaa wa Gerezani siku ya Jumamosi, nikaanza kuulizia reli kwa wauza vyuma chakavu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia nyanya. Wa kwanza alinyamaza. Wa pili akaniuliza mimi ni askari? Wa tatu, mama mtu mzima aliyekuwa anapima nyaya za shaba, akanivuta pembeni: "Baba, hicho unachotafuta kitakulaza ndani."

Reli ni mali ya umma. Kipande cha reli kilichoko mitaani mara nyingi kuna mahali kimeng'olewa. Kwenye video hawakusema.

Banda

Yule mama ndiye aliyenielekeza kwa Fundi. Simtaji jina, hajui hata kama naandika haya, na simu yake ni ya kitochi. Banda lake liko njia ya kwenda Pugu: nguzo nne, bati sita, na kelele za malori.

Tanuru lake ni shimo chini, limejengewa kwa udongo na matofali ya kuchoma. Upepo unatoka kwenye feni ndogo ya bati iliyofichwa ndani ya kasha, na feni inazungushwa na ringi ya baiskeli yenye mkanda wa mpira wa tyubu. Anasema baba yake alitumia mivuo ya ngozi ya mbuzi na yeye mwenyewe akiwa mtoto aliwahi kuivuta, na hana hamu nayo. Fuawe ni kipande cha ekseli ya lori kilichosimikwa kwenye gogo la mwembe. Juu pamelainika na kubonyea kidogo katikati, kama jiwe la kusagia.

Fuawe hiyo ina thamani kuliko ile inayong'aa ya kwenye video. Nitabishana na yeyote.

Siku ya kwanza nilikuja na jezi ya timu yangu. Fundi akaniangalia, akaingia ndani, akatoka na shati la kaki lenye matundu. "Vaa hili. Hiyo nailoni itaganda kwenye ngozi." Somo la kwanza la uhunzi: vaa pamba. La pili: miwani. La tatu ni viatu, na hapo yeye mwenyewe hatoi mfano, maana anavaa katambuga mwaka mzima, na miguu yake ina alama kama ramani.

Kisha akanipa nondo, akaniambia nitengeneze kulabu.

Nilitaka kisu. Kila anayeanza anataka kisu, hasa sisi tuliotoka kwenye simu. Nilifua kulabu kwa wiki saba.

Neno lenyewe

Lugha yetu inatumia kitenzi kimoja kwa mambo ambayo sikuwahi kuyaweka pamoja. Tunafua nguo. Tunafua nazi, na kile chuma kilichosimikwa ardhini kinaitwa kifuo. Tunafua umeme kule Kidatu na Mtera. Tunafua chuma, na tunapofulia panaitwa fuawe. Na mtu akishindwa tunasema hafui dafu.

Kwa wiki saba nilikuwa sifui dafu.

Kosa langu lilikuwa moja na ndilo kosa la kila mtu: nilikuwa napiga chuma baridi. Unakitoa kikiwa cha rangi ya chungwa, unapiga mapigo manne, unajisifu kidogo, na kumbe kimesharudi wekundu wa damu ya mzee. Ukiendelea kupiga hapo unajichosha mkono na chuma unakipasua. Sekunde unazo kama kumi na tano. Basi unarudisha motoni, unasubiri. Uhunzi ni kusubiri kwingi kunakokatizwa na pupa kidogo.

Na rangi unazisomea kivulini. Ndiyo maana banda halina upande wa jua. Chuma kinachoonekana cheusi juani, kivulini ni chekundu, na ukikisogelea kwa mkono utajua. Mimi nilijua.

Fundi alinipa sumaku ya spika mbovu. Chuma kikifika nyuzijoto 770 hivi, sumaku haikishiki tena. Inateleza tu, kama vile imekisahau. Huo ni mpaka usiohitaji macho ya kizoefu. Yeye hajawahi kuitumia mbele yangu.

Vitu nilivyoviharibu

Kisu changu cha kwanza nilikifua kutoka springi ya gari, nikakichovya kwenye ndoo ya maji kikiwa chekundu. Kikalia: *tik*. Sauti ndogo, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Ufa ulianzia kwenye makali ukapanda hadi mgongoni. Springi ina kaboni ya kutosha kuwa ngumu sana, na maji yanaipoza haraka mno. Ilitaka mafuta. Nondo ya kawaida ungeichovya majini mchana kutwa, haina kaboni ya kutosha hata kukasirika.

Bomba la maji nililitia motoni mimi mwenyewe, siku Fundi kaenda msibani. Nilitaka kutengeneza kifuniko cha mpini. Ukatoka moshi mweupe mzito na vumbi jeupe kama unga. Lile bomba lilikuwa limepakwa zinki, na zinki inachemka kwenye nyuzijoto 907, chini kabisa ya moto wa mhunzi. Usiku ule nilitetemeka kama mwenye malaria, kifua kimebana, mdomoni ladha ya sarafu. Kipimo cha malaria kikasema sina. Asubuhi nilikuwa mzima, na mjinga kidogo kuliko jana yake. Kama utachukua jambo moja tu kwenye makala hii, chukua hili: mabati, mabomba, chochote kilichong'arishwa kwa zinki, kisiingie motoni.

Nilipomweleza Fundi, hakunigombeza. Aliuliza kama lile bomba lilikuwa lake.

"Tulikusomesha ukashike nyundo?"

Mama yangu aliona malengelenge kwenye kiganja changu akadhani nimefukuzwa kazi.

Nilimweleza. Nikatafuta neno la hobi nikalikosa. Uraibu? Uraibu ni tambuu na sigara. Burudani? Burudani huoga jasho namna hii? Nikasema, "Napenda tu, Mama." Akanyamaza muda mrefu, halafu: "Yaani tuliuza ng'ombe ukasome, ukasome weee, ukamaliza, ndiyo ukashike nyundo. Bure. Hawakulipi."

Neno lililomuuma ni bure. Nadhani kama ningemwambia nalipwa angelala.

Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. "Na sisi si Washana."

Upande wa baba ni Ugweno, Upare ya Kaskazini. Mpare yeyote anajua alichomaanisha. Washana ndio ukoo wa wahunzi. Masimulizi ya Ugweno, ambayo profesa Isaria Kimambo aliyaandika kwenye historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, yanasema hao Washana ndio waliotawala kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Fikiria hilo: mhunzi akiwa mtawala. Waliokota mchanga mweusi kwenye vijito, wakauyeyusha kwa mkaa, wakapata majembe na silaha ambazo majirani walizifuata kwa mifugo. Na kwa Wamasai, hapohapo bondeni, mhunzi alikuwa mtu wa kutengwa, hamuoi kwake. Umbali wa siku mbili kwa mguu, na nyundo ileile inakupa kiti au inakunyima mke.

Popote ilipokuwa, nyundo haikuwa ya kuokota tu. Kulikuwa na ukoo, miiko, mtu wa kukuruhusu. Mama yangu ni Mlutheri wa kupiga magoti na haamini laana ya mhunzi. Lakini ukoo ule aliutaja, na aliposhautaja akabadilisha mazungumzo.

Mimi niliruhusiwa na nani? Na kampuni ya simu, kwa bando la usiku.

Kuna ile picha inayozunguka mitandaoni kila mwaka, kwamba Wahaya walitengeneza chuma cha pua, yaani chuma kigumu chenye kaboni, kabla ya Wazungu. Utafiti wenyewe upo: Peter Schmidt na Donald Avery waliuchapisha mwaka 1978, kuhusu matanuru ya Kagera ya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, ambamo mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuru, kwa maelezo yao ili hewa ipate moto kabla haijafika kwenye mkaa. Ni jambo kubwa na mimi mwenyewe nimeisambaza hiyo picha. Ila kilichonigusa safari hii ni wale wazee wa Kihaya waliojenga tanuru upya ili watafiti waone. Walikuwa hawajayeyusha kwa miongo mingi, kwa sababu chuma cha dukani kilishafika. Walikuwa wanavuta kumbukumbu za ujana kwa mikono ya uzee.

Tunaisambaza picha. Panga la nyumbani kwetu limetoka China na likiwa butu tunanunua jingine.

Sururu ya mtu

Narudi kwenye siku ile.

Fundi hakusema neno. Alichukua sururu kutoka mikononi mwangu, akaipasha, akakata sehemu yote iliyoungua kwa tindo, mapigo matatu. "Kilichoungua hakirudi," akasema, akimwambia mwenye sururu na si mimi. Kisha akaanza kuivuta ncha mpya.

Niliangalia kwa makini kuliko siku zote, labda kwa sababu nilikuwa na aibu na sikutaka kumwangalia mtu. Anapiga upande, anageuza robo, anapiga, anageuza robo, pembe nne zinajikusanya zenyewe kuelekea kwenye ncha. Hapigi kwa nguvu. Nyundo inaanguka, yeye anaielekeza tu. Chuma kikififia anakirudisha kabla hujaona kimefifia.

Halafu ikaja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Aliipasha mara ya mwisho hadi wekundu uliokolea, akachovya ncha tu kwenye maji, kama vidole vitatu, akaipandisha. Ncha nyeusi, imepoa. Shingo ya sururu bado ina moto. Akaisugua ncha haraka kwa kipande cha tofali hadi ikang'aa, akaishika kivulini akangoja.

Na rangi zikaanza kutembea. Moto uliobaki shingoni unateremka kuelekea ncha, na chuma kinajipaka rangi chenyewe: kwanza ya majani makavu, hafifu, kisha kahawia, kisha zambarau kama ua la mbilingani, na nyuma yake bluu inakuja. Kila rangi ni kiasi cha ugumu kilichobaki. Majani makavu ni ngumu sana, ya kukata, lakini kwenye jiwe itakatika. Bluu inavumilia kipigo, ila inakuwa butu mapema. Mchimba mtaro anataka katikati ya hayo. Zambarau ilipofika kwenye ncha kabisa, *tsss*, majini yote.

Nusu saa. Sururu ilikuwa fupi kuliko ilivyokuja, kwa upana wa vidole viwili.

Yule bwana akaipima kwa kidole gumba, akalipa pesa ileile ya kawaida, akaondoka. Kesho yake alikuwa na mita za kuchimba.

Mimi Jumatatu nilikuwa na kikao cha bajeti.

Hilo ndilo lililonisumbua. Kosa lenyewe si kitu, kila mwanafunzi anaunguza. Lakini mwanafunzi wa Fundi, yule kijana anayezungusha gurudumu, akiunguza sururu ni sehemu ya njia yake ya kupata mkate, na mteja analijua hilo na kuna namna analipa karo yake. Mimi niliiunguza kwa raha zangu. Kipande kile cha kidole gumba kilikuwa chuma cha mtu, na nilikitumia kujifurahisha.

Jumamosi iliyofuata sikwenda. Na iliyofuata.

Leta mkaa wako

Wiki ya tatu nilikwenda, nimevaa nguo za mjini, nimejiandaa kuaga kwa heshima. Nilikuwa na hotuba. Nilimwambia Fundi kwamba naona nacheza kwenye kazi ya watu, kwamba sina haki, kwamba pengine ni bora niache.

Alinisikiliza akiwa anapiga tupa jembe. Nilipomaliza akafikiri.

"Shida yako," akasema, "unamaliza mkaa."

Nikadhani sijasikia.

"Kulabu moja wewe unatia motoni mara tisa. Dogo anatia mara tatu. Gunia linakwisha Alhamisi. Ukija, leta mkaa wako. Na ulipie banda, elfu kumi kwa siku."

Basi. Huo ndio ulikuwa mzigo wangu wa wiki tatu, umewekwa kwenye mizani na kupewa bei.

Nilikuwa nimejiona kama mtu anayempa heshima: msomi amekuja kujifunza kwa mzee. Miezi mitano nakuja na soda na vitafunwa. Kumbe mwenzangu miezi mitano anahesabu mkaa, na adabu ya Kiswahili imemzuia kusema. Mhasibu ni mimi, eti.

Sasa nanunua gunia langu, na nyumbani tunapikia gesi. Mke wangu hajaacha kuniuliza inakuwaje maharage yapikwe kwa nishati safi na kulabu zipikwe kwa mkaa. Sina jibu.

Konokono

Siku hiyohiyo ya mkaa, kwa kuwa tayari nilikuwa nimeshaaibika, nikamuuliza swali nililolikwepa tangu mwanzo. Kama anaipenda hii kazi.

Akacheka. Mtu akikuuliza kama unapenda kupumua utacheka hivyohivyo. Hakujibu.

Lakini baadaye nikiwa nafagia, niliokota ulimi wa mbuzi ya nazi aliokuwa amemaliza. Mbele kuna duara la meno, yamechongwa kwa tupa moja moja. Nyuma ni mkia unaoingia chini ya ubao na kupigiliwa misumari, hauonekani tena hadi mbuzi ivunjike. Na mwisho wa mkia huo, chuma kilikuwa kimekunjwa mara mbili kama konokono. Mkunjo safi, unaokwenda ukijikaza kuelekea ndani, wa aina ambayo mimi nimejaribu kwenye kulabu zangu na kupata kitu kama sikio la mbuzi mwenyewe.

Nikaenda kwenye rundo la ndimi zilizokuwa zinasubiri ubao. Zote zina konokono.

"Mzee, hii ya nini?"

"Ipi?"

"Hii huku nyuma. Haionekani. Inashika ubao?"

Akaichukua, akaigeuza, kama mtu anayeonyeshwa picha yake ya zamani. "Hapana, haishiki kitu."

"Sasa?"

"Hiyo yangu," akasema, akairudisha kwenye rundo.

Kukunja ule mkia ni moto mmoja wa ziada. Mkaa wa ziada. Yeye anayehesabu mkaa. Kwa kila mbuzi, kwa miaka ambayo sijui ni mingapi, majiko ya Ilala na Temeke yamejaa konokono ambao wakunaji nazi wanawakalia bila kujua.

Nilikuwa nimegawa dunia vizuri sana: yeye anafanya kazi, mimi nacheza. Sikuwa nimeuliza upande wa pili.

Ncha kumi na mbili

Nimeacha kulabu kwa muda. Kwa Jumamosi tatu nimekuwa nafua ncha za sururu, bila sururu. Nanunua springi za Fuso zilizokatika pale Gerezani, nazikata vipande kwa grainda, kila kipande nakivuta ncha, nakichovya, nasugua kwa tofali, nasubiri zambarau. Nne za kwanza nilizipasua. Ya tano ilipita zambarau nikiwa nasoma ujumbe kwenye simu, na ndiyo siku nilipoanza kuiacha simu kwenye gari. Ya nane ilikaa sawa, nikaipiga kwenye jiwe la msingi la ukuta wa jirani, ikaacha alama na yenyewe haikubonyea. Nilimwita Fundi aje aone. Akasema jirani akiona ukuta wake, mimi simo.

Juzi Jumamosi nilikuwa na ncha kumi na mbili zimepangwa juu ya tofali. Yule bwana wa mitaro akatokea, sururu kwapani, mtaimbo mkononi.

Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, hana kinyongo, hata akaniuliza habari za nyumbani. Akampa Fundi mtaimbo. Sururu akabaki nayo kwapani.

Kisha akachuchumaa kwenye tofali langu. Akaokota ncha moja, akaipitisha kidole gumba. Akaokota nyingine. Akafika kwenye ya nane, akaibonyeza kwenye ukucha wake, akaitazama ubavuni.

"Hizi umepiga wewe, bosi?"

"Mimi."

Akairudisha pale pale ilipokuwa, kwenye mstari. Akasimama, akampelekea Fundi na sururu pia, akaja akakaa juu ya ndoo yake.

Dogo alikuwa hayupo, kaenda kununua chai. Fundi akatikisa kidevu kuelekea kwenye ringi ya baiskeli.

Nikaenda nikazungusha.